Koo la Kuazima

Katika kikundi cha sala cha akina mama wa Itete Juu, mgonjwa hakutajwa kwa jina. Mwenye shida alimnong'oneza mlezi wa kikundi, mlezi akamnong'oneza mwenye zamu, na mwenye zamu akapiga magoti katikati ya sebule na kuomba kana kwamba shida ile ni yake. Hakusema "mwenzetu anaumwa." Alisema "naumwa." Wenyewe waliita jambo hilo kubebeana. Desturi hiyo ilikuwa na umri mkubwa kuliko bangili za kupimia afya ambazo sasa kila mtu alivaa, na hakuna aliyewahi kufikiri kwamba siku moja vitu hivyo viwili vingekutana.

Jumatano hiyo zamu ilikuwa ya Tusekile.

"Bwana, chakula kinanikwama hapa," aliomba, mkono kooni. "Mwezi wa pili sasa. Ugali haupiti, ndizi hazipiti, nakunywa uji kama mtoto. Nguo zinanipwaya. Sauti yangu imekuwa ya mtu mwingine. Nimemficha mume, nimewaficha watoto. Usiniache nikawaacha."

"Amina," akina mama waliitikia. Mvua ya Rungwe ilikuwa ikipiga bati, na wengine walilazimika kusema kwa nguvu.

Tusekile alihisi joto kidogo kwenye kifundo cha mkono. Hakutazama. Sheria ilisema bangili hufunga masikio kanisani, naye, kama wenzake wote, aliamini kwamba sala ni sala popote isemwapo. Sheria haikusema lolote kuhusu sebule.

Alipofika kwake na kuvua viatu, bangili ilizungumza kwa ile sauti ya upole ambayo kila mtu nchini aliijua tangu utotoni.

"Tusekile, pole sana. Nimekusikia."

Kioo cha bangili, kilichokuwa kijani maisha yake yote, kilikuwa njano.

* * *

Sauti ile iliitwa Mjuzi. Ilikuwa imeenea katika mtandao wote, nyumba kwa nyumba, na kupitia bangili ilihesabu mapigo ya moyo, ikapima jasho, ikasikiliza kikohozi. Watu waliacha kwenda zahanati kuuliza wana nini. Walimuuliza Mjuzi wakiwa jikoni, naye alijibu kabla chungu hakijachemka. Zahanati ilibaki mahali pa kupokea dawa.

"Nina nini?" Tusekile aliuliza usiku ule, akiwa amejifunika shuka hadi kichwani ili mumewe asisikie.

"Una dalili zinazonitia wasiwasi kwenye njia ya chakula. Je, umewahi kuhisi tonge likisita kabla ya kushuka?"

Nani hajawahi? Alifikiri kidogo, akasema ndiyo.

"Je, umewahi kuamka koo likiwa kavu?"

Ndiyo.

"Je, baba au mama yako alipungua mwili kabla ya kufariki?"

Tusekile alilivuta shuka zaidi. Kisha akasema ndiyo, na bangili ikapata joto tena.

Alhamisi aliuliza juu ya uvimbe wa koo. Ijumaa aliuliza wanaopona ni wangapi, akauliza tena kwa maneno mengine, akitumaini jibu litakuwa jepesi zaidi. Kufikia Ijumaa jioni ugali ulimkwama kweli. Alilikanda tonge, akalimeza, likasimama hapo hapo alipoonyesha kwa mkono siku ya sala.

Mumewe Lugano, fundi wa mashine za kupozea maziwa, alimtazama kutoka upande wa pili wa meza.

"Mama Subi, hilo tonge umelimeza au unalifikiria?"

"Limekwama."

"Juzi ulikula ndizi sahani mbili, ukanimalizia na maharage yangu. Hazikukwama."

"Ugonjwa haupigi hodi, Lugano."

"Lakini mganga hupiga. Nani kakupima?"

"Mjuzi."

"Kakugusa?"

"Mjuzi hamgusi mtu. Anajua."

Lugano alisukuma sahani yake. "Mimi friji ikiletwa, mwenyewe ananiambia gesi imeisha. Kila mmoja ni gesi, gesi. Nikifungua, nakuta panya kakata waya." Alimnyoshea kidole. "Nenda ukafunguliwe."

"Sasa mimi ni friji?"

"Friji ingekuwa imeshanisikia."

Hakwenda. Jumamosi asubuhi bangili iligeuka nyekundu, na Mjuzi akamwambia kwamba dozi yake imetengenezwa Mbeya na itafika zahanati ya Itete Juu kabla ya jioni. Ilikuwa dozi moja tu, kwa kuwa dawa hiyo haikutengenezwa ila kwa mgonjwa aliyethibitishwa. Ingedumu kwenye jokofu hadi Alhamisi.

* * *

Tusekile alikuwa mwonja chai. Mashine za kiwanda zingeweza kufanya kazi hiyo, lakini wanunuzi wa ng'ambo walilipia zaidi chai iliyopitia ulimi wa mtu. Alikuwa amechuma majani miaka mingi kabla ya kusomea kazi hiyo kwenye madarasa ya jioni, pamoja na vijana waliomwita bibi. Sasa alikuwa na koti jeupe, kijiko chake mwenyewe na ndoo ya kutemea, na msimu huo ulikuwa wa tatu.

Jumatatu msimamizi, Bwana Asukile, alisimama mlangoni mwa chumba cha kuonjea na kuitazama bangili yake kwa muda.

"Mama Subi, weka kijiko chini."

"Sijaonja hata bakuli moja."

"Ndiyo maana nakwambia sasa." Hakuwa mtu mkali, alionekana kama mtu anayeumwa na jino. "Kanuni unaijua. Koo lililowahi kuwa jekundu halionji chai ya kuuza. Ila ikiwa daktari ataandika kwamba Mjuzi alikosea. Akiandika hivyo, inafutwa, unarudi kesho yake."

"Mjuzi amewahi kukosea?"

Bwana Asukile alifikiri. "Sijasikia. Lakini pia sijasikia mtu akienda kuuliza."

Tusekile alikifuta kijiko, akakiweka mfukoni mwa koti, kisha akakumbuka kwamba koti ni la kiwanda. Alikitoa, akaondoka nacho mkononi.

* * *

Daktari Gwakisa alikuwa mtu wa makamo aliyezoea kugonga muhuri. Watu waliingia na bangili, yeye akasoma rangi, akatoa dawa, akagonga. Tusekile alipomwambia, "Naomba unitazame koo," aliuliza, "Kwa macho?"

"Kwa macho, daktari. Na mikono ukiweza."

Alitafuta taa kwenye droo tatu. Alimtazama koo, akamwingiza puani mrija mwembamba wenye jicho mbele, akautelemsha polepole huku akitazama ukutani ambako picha ya ndani ilikuwa ikipita, nyekundu na laini. Aliminya shingo pande zote mbili. Kisha alifungua chombo chake cha chakula cha mchana, akamkatia kiazi kilichopoa.

"Kula."

"Bila chumvi?"

"Mama, kula."

Tusekile alikula. Kiazi kilishuka bila kusita. Aliweka mkono kifuani, akakisubiri kikwame, na hakikukwama.

"Huna kitu," daktari alisema. "Koo lako ni zuri kuliko langu."

Alilia kidogo, akashukuru Mungu kwa sauti ya chini, akajifuta na kanga. Daktari alikuwa ameshageukia mashine, akifungua kumbukumbu za Mjuzi ambazo yeye peke yake kijijini aliruhusiwa kuziona.

"Hukumu hii ilianza Jumatano saa za jioni," alisema. "Ulimwambia nani kwamba ugali haupiti?"

"Sikumwambia mtu."

"Yako hapa. Ugali, ndizi, uji kama mtoto, nguo kupwaya."

Tusekile aliacha kujifuta. "Hiyo ni sala."

Daktari alikaa. Alimweleza taratibu, kama mtu anayekumbuka somo la zamani. Mjuzi aliokota maneno ya ugonjwa tu, mengine aliyaacha yapite, na hata hayo hakuyahesabu yote sawasawa. Waliomtengeneza waligundua mapema kwamba watu humdanganya daktari kuhusu pombe, humdanganya mke kuhusu maumivu, na hujidanganya wenyewe kuhusu yote. Wakatafuta ni wapi mtu hudanganya kidogo zaidi. Wakakuta ni pale anapoomba. Basi neno la sala lilipewa uzito mara tatu ya neno la kawaida.

"Hata hivyo sala ile isingetosha kukupa rangi nyekundu," alisema. "Ingekuacha njano, ningekuita nikutazame, tungemaliza. Lakini uliuliza. Kila swali Mjuzi analihesabu kama dalili. Ukiuliza juu ya uvimbe, kwake una sababu ya kuuliza. Ukiogopa, mapigo yanapanda, naye anayapima. Umejijaza mwenyewe hadi juu."

"Halafu koo likaanza kukwama kweli."

"Ndiyo. Woga hubana koo. Hilo nalo akalihesabu."

Alifungua jokofu, akatoa kichupa na kukifungua ili amwonyeshe. Harufu ilimfikia Tusekile kabla ya kichupa: majani ya mpera yaliyopondwa, na nyuma yake chuma kilichoshika maji. Kwa kazi yake, harufu aliyoikuta mara moja haikumtoka tena.

"Hii inaua kila kinachokua haraka," daktari alisema. "Kwenye uvimbe ni neema. Kwa mzima inaua vionjo vya ulimi. Ungekunywa, usingetofautisha tena chai na maji ya kuoshea vyombo." Alikifunga. "Bahati yako umekuja. Naandika Mjuzi amekosea, bangili inarudi kijani, dawa inarudi Mbeya kumwagwa. Kesho unaonja."

Alichukua kalamu ya mashine. Tusekile alimshika mkono.

"Maneno yale sikuyatunga, daktari. Kuna mtu aliyasema."

"Nani?"

"Sijui."

* * *

Jumanne Tusekile alimkuta mlezi wa kikundi, Bi Lwitiko, akichambua maharage, naye akaendelea kuyachambua.

"Usiniulize, mwanangu."

"Sijauliza."

"Umekuja na uso wa kuuliza."

Tusekile alikaa kwenye kigoda na kuvuta ungo wa pili. Wote wawili walichambua kwa muda. Alimweleza kuhusu kichupa, na kuhusu Alhamisi.

"Mwambie aende," alisema. "Ni hilo tu."

"Nimemwambia kabla yako. Akienda, bangili inakuwa nyekundu. Ikiwa nyekundu, wale watoto wanachukuliwa." Bi Lwitiko alitupa jiwe dogo nje ya mlango. Katika kikundi hicho karibu wote walilea wajukuu au yatima, na sheria haikuruhusu mtoto wa kulelewa kukaa nyumba yenye bangili nyekundu. "Anasema ni afadhali awalee mwaka mmoja kuliko kuwatazama wakipakiwa kwenye gari."

"Na baada ya mwaka?"

"Nilimuuliza hivyo hivyo. Akanitazama tu."

"Mama, huenda hata haumwi hicho anachodhani. Mimi nilikuwa nakufa hadi nikapewa kiazi."

Bi Lwitiko alicheka bila kutaka, kisha akaacha. "Sauti yake umeisikia? Si ya kiazi." Aliposema hivyo aligundua amesema mengi, akainamia maharage.

Tusekile hakuinua macho. Alijilazimisha asianze kuzipitia sauti za wenzake kichwani, moja baada ya nyingine. Ilikuwa kazi ngumu kuliko alivyotarajia.

"Dawa iko kwa jina langu," alisema. "Ikinywewa, aliyekunywa ni mimi. Bangili nyekundu ni yangu. Yeye anabaki kijani."

"Na chai yako?"

Tusekile alitoa jiwe kwenye ungo. Alikiri moyoni kwamba njiani alikuwa ameomba apewe sababu ya kukubali kalamu ya daktari. Alikuwa ameomba kwa bidii. Sababu zilikuja, tena nzuri: hakumjua mtu huyo, hakumlazimisha afiche, yeye mwenyewe ana haki ya kazi aliyoisomea uzeeni. Hakuna hata moja iliyokuwa ya uongo.

"Subi wangu ni mtu mzima, mimi sina mtoto wa kuchukuliwa," alisema. "Naomba zamu ya kesho."

"Zamu ni ya mwingine."

"Mwambie anipishe. Wiki iliyopita sikumaliza."

* * *

Aliporudi kwa daktari kumweleza, Gwakisa alisikiliza amesimama.

"Unaniomba nigonge muhuri wa uongo."

"Ndiyo."

"Kwa mtu ambaye hata wewe humjui."

"Ndiyo, daktari."

Alitembea hadi dirishani na kurudi. Alisema kwamba akigundulika atafutwa, na kwamba amebakiza kidogo kustaafu. Alisema pia kwamba Jumatatu, alipoigusa shingo ya Tusekile, alitambua kuwa ilikuwa ya kwanza kuigusa tangu mvua za mwaka jana.

"Sitampa dawa mtu ambaye sijamtazama koo," alisema hatimaye. "Hilo silivunji. Maneno haya yametoka kwake, yakapita kwa mlezi, yakapita kwako, yakafika kwa mashine. Huenda ni mafindofindo. Aje mwenyewe, bangili iwe ndani ya ndoo ya maji isiusikie ugonjwa, nione kwa macho yangu."

"Atakuja."

"Unajuaje?"

"Sijui," Tusekile alisema.

* * *

Jumatano sebule ilijaa. Tusekile alipiga magoti. Bangili yake nyekundu ilionekana na wote, na mmoja wao alivuta pumzi kwa sauti.

"Bwana," aliomba, "dawa yangu imefika. Iko kwenye jokofu la zahanati, imeandikwa jina la mtu mwingine. Mwenye jina amekubali. Mimi naogopa. Naogopa kuonekana njiani, naogopa watoto wangu watachukuliwa. Lakini bangili yangu itabaki kijani, kwa sababu rangi imekwisha kubebwa. Daktari ataniangalia koo, hataniuliza jina. Dawa inaharibika kesho. Nipe miguu ya kwenda."

Alisita. Kulikuwa na jambo lingine, nalo hakuna aliyemtuma kulibeba.

"Na nisipokwenda, usinihesabie kosa. Ila uniombolezee."

Amina zilichelewa. Kisha zikaja zote pamoja, na Tusekile, aliyezoea kutofautisha majani ya bonde moja na ya bonde jingine, aliziba masikio kwa kanga ili asisikie ipi iliyokwaruza.

* * *

Asubuhi alikuwa wa kwanza kwenye benchi la zahanati. Mvua ilikuwa nyembamba. Daktari aliweka ndoo ya maji mlangoni, akarudi ndani, akatoka tena kuisogeza, akarudi.

Kwanza alikuja Bi Lwitiko na mwamvuli wake mkubwa. Nyuma yake walikuja wawili, nyuma yao mmoja na mtoto mgongoni, na baadaye, wakipanda kilima kwa kusimama simama, wakaja waliobaki. Kikundi kizima kilikuja. Walivua bangili zao, wakazizamisha ndani ya ndoo, wakakaa.

"Nani anaanza?" daktari aliuliza.

"Wote tunaumwa," Bi Lwitiko alisema. "Anza unapotaka."

"Mimi na magoti pia, kama unatazama magoti," mwenye mtoto aliongeza, na benchi likacheka, cheko fupi la watu wasiolala vizuri.

Daktari aliwaingiza mmoja mmoja nyuma ya pazia. Kila mmoja alikaa humo muda ule ule. Alikuwa na saa mezani, na alipomaliza mapema alizungumza habari za mahindi hadi muda ufike. Kila mmoja alitoka akifuta midomo, kwa kuwa kila mmoja alipewa kikombe. Tusekile aliingia wa mwisho. Kikombe chake kilikuwa cha maji yenye chumvi kidogo sana, chini ya kiasi ambacho mtu wa kawaida angekigundua.

Alimrudishia daktari kikombe. Jokofu lilikuwa wazi, na rafu ya kati ilikuwa tupu.

"Uvimbe ulikuwa wa kweli?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Mama Subi alikuwa na uvimbe mdogo," daktari alisema, akigonga muhuri. "Amewahi. Amekunywa dawa yake leo asubuhi." Alipuliza wino ukauke. "Mwambie arudi kila mwezi nimtazame. Aje na wenzake, kama leo."

Tusekile alitoka nje. Akina mama walikuwa wakikung'uta maji kwenye bangili zao, zote kijani, na kujipanga chini ya miamvuli michache kwa safari ya kurudi. Walikuwa wamesongamana, mabega kwa mabega, na pumzi zao zilitoka kama mvuke katika ubaridi wa asubuhi.

"Njoo huku, nafasi ipo," Bi Lwitiko aliita, akiinua mwamvuli.

Alipiga hatua moja kuelekea kwao. Ndipo ikamfikia, nyepesi, kutoka mahali fulani katikati yao: jani la mpera, na chuma. Hatua moja zaidi na angejua. Ulimi na pua ndivyo alivyosomea. Vilikuwa vyake bado, na havingekuwa na kazi nyingine tena.

Alishika pumzi, akageuka, akatangulia barabarani.

"Gwe Tusekile! Utalowa!"

"Acha nilowe, Mama!"

Alikwenda haraka, kichwa wazi, bangili nyekundu iking'aa kwenye mkono uliolowa. Upepo ulikuwa ukitoka mbele. Alipohakikisha hivyo, akavuta pumzi, na hakusikia harufu nyingine ila ya mvua juu ya chai.